Kibodi isiyochosha mikono: maswali yenu na majibu

Msimu wa korosho ukikaribia, maswali ya kibodi huongezeka. Makarani wanajua kwamba kuanzia Oktoba watakaa mezani mpaka usiku, na wenye stesheneri wanajua foleni inakuja. Nimefundisha watu kuchapa hapa Mtwara tangu enzi za taipureta, na kibodi nimezishika za kila namna. Nitajibu nikitazama mikono kwanza, bei baadaye.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa chama cha msingi, Tandahimba. Kutwa naingiza kilo za wakulima kwenye laptopi ndogo yenye tarakimu za juu tu. Nikikosea kilo moja, mkulima yuko mlangoni. Ninunue kibodi gani?

Marahaba. Wewe tafuta kibodi kamili ya waya, ile yenye fungu la tarakimu upande wa kulia. Huwa na vitufe 104 au 105 na upana wa karibu sentimita 44, kwa hiyo pima meza kabla hujaenda dukani. Uzuri wa lile fungu ni kwamba mkono mmoja unamaliza kazi yote: tarakimu, nukta na Enter viko chini ya vidole vyako, na mkono wa kushoto unabaki kushika stakabadhi na kuonyesha mstari.

Kidole cha kati kiweke kwenye 5. Kitufe hicho kina kinundu kidogo, kimewekwa makusudi ili kidole kijue nyumbani bila macho kushuka. Lakini nikuonye jambo linalowasumbua wengi: simu yako ina 1, 2, 3 juu, ilhali kibodi hufuata kikokotoo, 7, 8, 9 ndizo za juu. Mtu aliyezoea kutuma pesa kwa simu kutwa mara tatu, siku za mwanzo ataandika 7 akidhani ni 1, na hapo kilo 17 zinageuka 71. Usianzie mazoezi siku ya mnada. Chukua stakabadhi za msimu uliopita, chapa nusu saa kila siku bila kutazama vidole, kisha linganisha. Wiki mbili zinatosha kabisa. Na ukiona tarakimu hazitoki, kishale kinarukaruka tu, taa ya Num Lock imezimika, ibonyeze tena.

Kama ofisi yenu iko chumba kimoja na pembejeo, tafadhali ifunike kibodi jioni. Vumbi la salfa, ile dawa ya mikorosho, hufanya shaba na fedha kuwa nyeusi, na ndani ya vifaa vya umeme madini hayo ndiyo yanayopitisha umeme. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha.

Nina stesheneri Lindi mjini. Nimenunua kibodi za mtumba. Moja nikibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu. Nyingine nikiandika "ya" inatoka "za". Fundi anasema zimeharibika, nizitupe.

Usitupe! Zote mbili ni nzima, zimezaliwa ugenini tu.

Ya kwanza ni ya Uingereza. Huko alama ya @ inakaa jirani na Enter, na alama za kunukuu ziko juu ya 2. Marekani ni kinyume chake. Kompyuta yako imeambiwa kwamba imechomekewa kibodi ya Kimarekani, kwa hiyo haisomi kilichoandikwa juu ya kitufe, inasoma mahali kitufe kilipo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, ongeza mpangilio wa kibodi wa Uingereza, kazi imekwisha. Ukitaka kuzitambua kabla ya kulipa, tazama Enter: ya Uingereza ni ndefu, imesimama safu mbili; ya Marekani imelala kama kipande cha mhogo.

Ya pili ni ya Ujerumani. Wajerumani wameweka Z mahali pa Y na Y mahali pa Z. Kwao Y ni herufi ya nadra. Kwetu sisi haipiti sentensi bila "ya", "yake", "yangu". Na ubaya wake ni kwamba "ya" na "za" yote ni maneno halali, kwa hiyo hata programu ya kusahihisha tahajia haitakupigia kelele. Mteja ataondoka na barua yenye "maombi za kazi", na atarudi kukulaumu wewe. Unaweza kung'oa vifuniko vya Y na Z taratibu, kwa bisibisi bapa yenye ncha iliyofungwa kitambaa, ukavibadilishana mahali. Vitakaa vimeinama kidogo, kwa sababu kila safu ina mwinamo wake, lakini vitafanya kazi. Alama nyingine hazitalingana na maandishi yake, basi hiyo itumie wewe mwenyewe unayechapa bila kutazama. Wateja wape ya Uingereza.

Ya Ufaransa usiichukue hata ukipewa bure. Kule A imepanda juu, mahali tunapotegemea Q. Kiswahili bila A ni nini? Tazama kibodi yoyote kuukuu ya stesheneri: A imefutika mpaka plastiki inang'aa, Q na X bado zinameremeta kama zimetoka dukani jana. Mpangilio huu tunaoutumia una asili katika taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyepata hataza mwaka 1868, na hakuna aliyefikiria Kiswahili. Ndiyo maana A, herufi yetu inayofanya kazi kuliko zote, imeangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile dhaifu. Nakiwaza kidole hicho kila ninapomshauri mtu: ukinunua kibodi yenye vitufe vigumu, chenyewe ndicho kitakachoteseka kwanza.

Mwalimu, mimi ni katibu muhtasi, Masasi. Usiku mkono wa kulia unakufa ganzi: dole gumba, cha shahada na cha kati. Wenzangu wanasema ninunue kibodi ile ya gharama iliyopinda katikati. Itaniponya?

Pole sana, mwanangu. Kabla ya duka, nenda hospitali. Ganzi ya vidole hivyo hasa, inayoamsha mtu usiku, mara nyingi hutokana na neva inayopita kwenye njia nyembamba ndani ya kifundo cha mkono kubanwa. Sababu zake ni nyingi. Ujauzito unaweza kuileta, kisukari pia. Daktari akufahamu mapema. Ukiiacha mpaka msuli wa shina la dole gumba uanze kunywea, kupona kunakuwa kugumu. Na kama ganzi ingekuwa ya kidole cha mwisho na cha pete, ningekuuliza kuhusu kiwiko unachoegemeza mezani, maana hiyo ni neva nyingine.

Kibodi iliyopinda haiponyi. Inachofanya ni kuacha viganja vielekee mbele sawasawa na mkono, badala ya kupinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Microsoft walitoa ya namna hiyo mwaka 1994 na nyingi zimeifuata. Wengine wanaipenda, wengine wanaiweka kabatini baada ya mwezi.

Leo hii, bila kutoa shilingi, fanya hivi. Geuza kibodi yako, utaona viguu viwili vya kukunjua upande wa nyuma. Vikunje. Karibu kila ofisi ninayoingia navikuta vimesimamishwa, kama vile ni sheria. Vinainua nyuma ya kibodi, kifundo cha mkono kinalazimika kupinda kwenda juu, na unachapa hivyo kwa muda wa saa nane. Kibodi ilale bapa.

Kisha tazama meza. Meza za maseremala wetu nyingi ni za kulia chakula, ziko juu mno kwa kuchapa, na kiti cha plastiki kiko chini. Matokeo yake mabega yanapanda mpaka masikioni. Weka mto juu ya kiti mpaka viwiko vilingane na kibodi, vikiwa vimekunjwa kama pembe ya kitabu. Miguu ikianza kuning'inia, weka tofali mbili chini. Ukichapa, viganja vielee. Lile egemeo laini la mbele ya kibodi ni la kupumzikia baina ya aya na aya. Na kila nusu saa inuka, hata kama ni kwenda mlangoni kuangalia nani amepita.

Nasoma chuo Mtwara, sina laptopi, kazi zangu naandika kwenye simu. Je, kibodi inaweza kuunganishwa na simu?

Inaweza, mwanangu. Simu nyingi za Android zinapokea kibodi ya kawaida ya USB kupitia kile kiwaya kifupi kiitwacho OTG. Muuza vifaa vya simu akujaribishie palepale, kwa sababu si kila simu inakubali. Ya Bluetooth haihitaji waya, lakini inahitaji betri. Kwako nashauri fupi, isiyo na fungu la tarakimu, inayoingia kwenye begi. Epuka zile ndogo mno za kushika kiganjani, vidole vyako vitagongana. Simu iegemeze kwenye vitabu mpaka ifikie usawa wa macho, la sivyo utaokoa vidole ukaiumiza shingo.

Naandika hadithi usiku, Nachingwea. Chumba kimoja na mtoto mchanga. Rafiki ananiuzia kibodi ya swichi, tamu sana kuchapa, lakini inalia kama mvua juu ya bati.

Muulize swichi zake ni za rangi gani. Kibodi za kawaida zina utando wa mpira chini ya vitufe vyote. Hizi za swichi zina kifaa chake chini ya kila kitufe, ndiyo maana hudumu na huitikia vizuri. Rangi zilizozoeleka, zilizoanzwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani, ni hivi: bluu ina kinundu unachokihisi kitufe kikishuka, na mlio; kahawia ina kinundu bila mlio, nyekundu inashuka laini moja kwa moja. Hiyo ya rafiki yako bila shaka ni bluu. Mtoto hatalala.

Omba kahawia. Tena huhitaji kugonga mpaka chini: kitufe husafiri milimita 4 hivi, na herufi hutoka katikati ya safari. Ukijifunza kuachia hapo, kelele inapungua na vidole vinapumzika. Kitambaa kinene chini ya kibodi husaidia pia. Mtoto akikua, utairudia bluu ukitaka.

Nyumba yangu Mikindani iko karibu na bahari. Kibodi hazimalizi mwaka. Na juzi nimemwagia chai ya sukari.

Hewa ya chumvi unyevu ukiingia haina huruma. Ifunike usiku, isikae dirishani upande wa bahari, na mara moja kwa wiki iinamishe uipigepige mgongoni ili mchanga utoke. Chagua ya bei nafuu ya utando, ukiweza yenye vitundu vya kutolea maji chini.

Kuhusu chai: chomoa waya papo hapo, pindua kibodi, iache ikichuruzika. Sukari ndiyo inayogandisha vitufe, kwa hiyo ng'oa vifuniko, vioshe kwa sabuni, na chini yake pangusa kwa pamba yenye spiriti kidogo. Ikauke kivulini siku mbili. Kama ni laptopi, izime kabisa, usiiwashe kuona kama inawaka, mpelekee fundi.

Nikifika dukani nijaribu nini? Muuzaji ananiharakisha.

Mwombe ushike iliyo nje ya boksi, na ukae. Usijaribu ukiwa umesimama, mikono hupinda vingine. Gusa F na J: vinundu visipohisika, iache. Bonyeza pembe za kitufe cha nafasi, cha Enter na cha Shift, maana vitufe virefu vibovu hukwama pembeni huku katikati vikiwa sawa. Halafu chapa sentensi ya kwetu, si zile za Kiingereza wanazokufungulia. Mimi huchapa hii mara tano: "Mama anauza ming'oko na korosho za kukaanga sokoni." Ina A nyingi, ina ritifaa, ina K na N za mkono wa kulia. Kufikia mara ya tano, kidole chako cha mwisho cha kushoto kitakuwa kimeshakuambia kama kibodi hiyo ni yako.