Barua kwa mwanangu: kwa nini dawa baada ya upasuaji wa saratani ya utumbo mpana

Mwanangu,

Umeniuliza kwenye simu, "Mama, kama daktari ametoa uvimbe wote, tibakemikali ya nini tena?" Nilikukatiza kwa sababu chumbani walikuwemo watu.

Uvimbe kweli umetoka, pamoja na kipande cha utumbo mpana na tezi za limfu zilizo jirani, vile vifundo vidogo vya kinga ya mwili. Tezi hizo ndizo zilizoamua mambo. Maabara ilipima 17 (zikiwa chini ya 12 majibu hayaaminiki sana), na 3 zikakutwa na seli za saratani. Basi ni hatua ya tatu. Ingekuwa imefika kwenye ini au mapafu ingeitwa ya nne, na tungekuwa na mazungumzo mengine.

Seli zikishafika kwenye tezi, huenda nyingine zimeingia kwenye damu na kujificha mahali. Ni ndogo mno, hata CT-skani haizioni, na daktari wa upasuaji hawezi kukata asichokiona. Dawa hupita na damu mwili mzima, izifuate huko huko.

Lililonikosesha usingizi ni kwamba huenda sina hata seli moja iliyobaki, na bado nitazitumia dawa hizo. Nilimwuliza daktari, naye hakunificha. Wapo wanaopona kwa upasuaji peke yake. Wapo ambao ugonjwa huwarudia hata wakitibiwa. Na wapo ambao dawa ndiyo inayowaokoa. Hakuna kipimo cha kusema kwa hakika mimi ni wa kundi gani, wala tukiwa katikati ya matibabu hatutaona kitu kinachosinyaa, maana uvimbe haupo. Nimekubali nikiyajua hayo yote, kwa hiyo usiende kugombana na madaktari kwa niaba yangu. Nakujua.

Ni mizunguko 4 ya wiki tatu tatu: siku ya kwanza dripu ya oksaliplatini, kisha vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni kwa siku 14, halafu wiki ya kupumzika. Zamani ilikuwa miezi 6 kwa karibu kila mtu. Utafiti mkubwa wa nchi kadhaa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa wenye hali kama yangu, miezi 3 ya dawa hizi inakaribia sana kulingana na 6, na mishipa ya fahamu haiumii sana kama kwa miezi 6.

Mishipa hiyo ndiyo ninayoihofia. Oksaliplatini huleta ganzi vidoleni, na ukigusa kitu cha baridi ni kama unachomwa sindano, kwa hiyo maji ya friji usiniletee. Nikianza kushindwa kufunga vifungo vya nguo, daktari aambiwe mapema apunguze dozi. Ganzi ikizidi inaweza kubaki muda mrefu. Homa ikifika 38, hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, kwa kuwa kinga itakuwa chini. Nywele, ambazo shangazi yako ameshazililia, kwa dawa hizi huwa zinapungua tu.

Baadaye kutakuwa na kipimo cha damu cha CEA (protini inayoweza kupanda saratani ikirudi) kila baada ya miezi michache, CT-skani, na kolonoskopi, yaani kamera ya kuchungulia ndani ya utumbo mpana, mwaka mmoja baada ya upasuaji.

Na wewe pia. Madaktari wengi hushauri mtoto wa mgonjwa aanze kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mzazi, lolote litakalotangulia. Mimi nimegundulika na miaka 49. Kwako ni 39, hata kama huumwi popote.

Mama yako