Ukuta wa Mawe Bila Saruji: Majibu kwa Wanaouliza Kama Hauanguki

Tangu niweke picha za ukuta wangu baada ya masika, swali ninaloulizwa ni moja tu, kila mtu na maneno yake: kaka, huo ukuta usio na saruji hauanguki? Wa mwisho kuuliza ni dada mmoja wa Musoma. Ana kiwanja kimejaa mawe na anataka kukizungushia. Nimeona bora niwajibu wote kwa pamoja.

Hauanguki. Ulioanguka ni wa jirani.

Simcheki, na jina lake silitaji. Viwanja vyetu viko mteremkoni, huku Mwanza ambako ukichimba shimo la choo unakutana na mwamba kabla hujatoa jasho. Yeye alijenga kwa bloku za inchi sita, akapiga plasta, akapaka rangi, akaziba kila upenyo. Mvua kubwa ilipokuja, maji ya mlimani yakajikusanya nyuma ya ukuta kwa sababu hakuyaachia tundu hata moja la kutokea. Maji yakisimama yanasukuma, na udongo ulioloa unasukuma pamoja nayo. Asubuhi upande mzima ulikuwa umelalia mihogo. Kwangu maji yalipita katikati ya mawe yakaenda zake ziwani, yakaniachia mchanga na chupa za plastiki.

Sasa mniruhusu niseme la moyoni. Nilipoanza kukusanya mawe nilichekwa sana. Fundi niliyempa kianzio, alipoelewa kwamba kweli sitaki saruji, alizima simu, na hela yangu sijaiona mpaka leo. Shemeji yangu alikuja Jumapili, akazunguka uwanja mikono nyuma, kisha akauliza ninafuga ng'ombe wangapi, maana anaona zizi. Watu wakacheka, chai ikanyweka. Neno lile lilinikaa rohoni.

Ndiyo maana nilipopata safari ya Migori, upande wa Kenya, sikurudi mpaka nimefika Thimlich Ohinga. Kaone zizi, ndugu yangu! Kuta za mawe yaliyopangwa tu, bila tope wala chokaa, na inaaminika zilijengwa karne ya 16. Kimo chake ni kati ya meta 1.5 na 4.5, unene kwa wastani meta moja. Watu na mifugo yao waliishi humo, ukoo huu ukiondoka ule unaingia, hadi karne ya 20. Mwaka 2018 UNESCO ikaziingiza kwenye Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo ufundi wenyewe wa kujenga kwa mawe makavu, yaani bila saruji wala tope, kama unavyofanywa Italia, Hispania, Uswisi na nchi nyingine tano, ukatambuliwa nao katika orodha ya urithi usioshikika. Nilimtumia shemeji picha na maelezo yote hayo. Alijibu kwa kidole gumba.

Ukizitazama zile kuta kwa karibu, hakuna uchawi. Kuna uso wa nje na uso wa ndani unaoegemeana, na katikati pamejazwa mawe madogo. Ndicho alichokuwa akinipigia kelele mzee aliyenifundisha, mtu wa Ukara, kisiwa ambacho watu wake wamekuwa wakizuia udongo kwa matuta ya mawe tangu zamani. Mimi nilidhani ukuta ni mstari mmoja wa mawe. Wengi wenu pia mnadhani hivyo, nimewaona kwenye maswali.

Haya, ushauri. Kwanza kabisa ni mpaka wenyewe. Mwite jirani, mwite mwenyekiti wa mtaa, simameni kwenye bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja, vuteni kamba kutoka bikoni hadi bikoni, mkubaliane mkiwa mnatazamana. Bikoni haiguswi. Msingi wote ukae ndani ya kiwanja chako, si nusu kwako nusu kwake. Ukuta wa mawe ni mpana kuliko wa bloku, na jirani anayenyamaza leo ukimla shibiri mbili, watoto wake hawatanyamaza. Habari za kibali kaulize halmashauri, mimi si mwanasheria.

Kisha chimba mpaka ardhi ngumu. Mawe makubwa yote yakae chini. Ukuta wa meta 1.3 kwenda juu uanze na upana wa sentimeta 70 hivi na umalizike na 40, nyuso zote mbili zikiinama ndani taratibu. Upande mrefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta, usilazwe kwa nje ili uonekane mkubwa. Huo ni ushamba wa picha. Kila kiungo, pale mawe mawili yanapokutana, kifunikwe na jiwe la juu yake. Ukifika katikati ya kimo, kila baada ya meta moja weka jiwe refu linalotoka uso mmoja hadi mwingine, lifunge ukuta. Na ya katikati usiyamwage kwa koleo! Yapange kwa mkono, moja moja, yabane.

Mawe yetu ya Mwanza yana tabia ya kuwa mviringo, na jiwe la mviringo halitulii. Nilinunua yaliyopasuliwa kwa moto na wapasua mawe, yana nyuso bapa. Ni ghali zaidi, lakini hapo usibane hela.

Ndugu zangu, kinachotuangusha ni haraka. Tunataka ukuta wa wiki moja na picha ya siku ya nane. Tumejiaminisha kwamba jiwe ni la maskini na bloku ni maendeleo, halafu kila masika tunazoa bloku kwenye mihogo. Mzee wa Ukara alikuwa anachagua jiwe kwa macho dakika nzima kabla hajainama, na akishaliokota halirudishi chini mpaka alipatie mahali. Nani kati yetu ana subira hiyo? Panga mawe yako, polepole, hata kama wanacheka.

Mwizi ukuta huu haumzuii, anauruka. Nyoka nao wanaupenda, kwa hiyo fyeka majani pande zote na ujaze vizuri katikati. Mijusi ya kichwa chekundu itahamia tu, mimi nimeiacha.

Saruji niliitumia sehemu moja, kwenye nguzo za geti. Geti la chuma linavuta kila likifungwa, na mawe yaliyopangwa hayahimili kuvutwa, hivyo nguzo nilizimwagia zege na nondo. Shemeji alipoziona alisema angalau hapo nimejenga.