Anataka elfu 30 kila kompyuta ili zitafute viumbe wa sayari nyingine, nikubali?

SWALI: Mwangaluka fundi. Nina steshenari hapa Buzuruga, Mwanza, kompyuta sita za mezani, usiku zimekaa tu. Kuna kijana kaja anasema kuna mradi wa wanasayansi wa Marekani unaitwa SETI@home, wanatafuta viumbe wa sayari nyingine, unawaazima kompyuta yako usiku wao wanakulipa dola. Kuinstoli ni elfu 30 kila mashine. Moja nimeshamlipa akaniwekea ya majaribio, kaniambia nizime antivairasi, feni inapiga kelele mpaka asubuhi ila kwenye skrini naona kredi zinapanda. Nimpe na hizo tano? Na hii miradi ina maisha kweli au ndo itakufa?

JIBU: Mwangaluka mayu. Elfu 30 uliyotoa ihesabu imeliwa, hizo tano asiziguse. Na unisamehe nikiongea kwa ukali, wewe ni mtu wa nne ndani ya mwezi huu, mmoja Igoma, wawili huku Nyegezi, hadithi ni ileile na bei ni ileile.

Huyo kijana angesoma hata kidogo angetafuta jina lingine la kukudanganyia. SETI@home ya chuo cha Berkeley haigawi kazi kwa kompyuta za watu tangu tarehe 31 Machi 2020. Haigawi kabisa. Sasa hiyo feni inayolia mpaka asubuhi inamfanyia nani kazi?

Ila kinachonichosha kuliko vyote ni hiyo kredi. Kwenye miradi hii kredi ni alama tu, kama maksi za darasani, inaonyesha mashine yako imepiga hesabu kiasi gani basi, huwezi kuitoa kwa wakala wala haikununulii sukari robo. Lakini sisi huku ukisikia kredi akili inaenda kwenye vocha, inaenda kwenye salio, na hawa vijana wanajua hivo, ndo maana wanakuwekea hicho kidude cha kuhesabu ambacho hata mwanangu wa form two anaweza kukitengeneza, namba inapanda, na wewe unapanda nayo. Mradi wenyewe umeanza tarehe 17 Mei 1999, watu zaidi ya milioni 5 wakajiunga dunia nzima, na ulikuwa wa kujitolea mwanzo mpaka mwisho. Programu ilikuwa ya bure. Mimi 2003 nilikuwa nahudumia kwenye intaneti kafe moja hapa mjini nikaiweka kwenye mashine mbili, skrini ikitulia inachora vilima vya rangi, mteja mmoja akaniuliza kama hiyo ndo hali ya hewa ya ziwani. Bosi alipoona umeme unavyoisha akaniambia chagua, hao viumbe wako au mshahara.

Na wengine wananiambia eti ilifungwa kwa sababu wamewapata wanaficha. Jamani. Kazi ilikuwa hivi, darubini ya redio ya Arecibo kule Puerto Rico inarekodi mawimbi ya karibu na megahezi 1420, pale inaposikika haidrojeni, gesi iliyojaa angani, wanayakata vipande vya sekunde 107, kila kipande kinatumwa kwa zaidi ya kompyuta moja ili majibu yalinganishwe, maana hata wao hawakuamini mashine ya mtu mmoja. Kufika 2020 kompyuta zilikuwa hazina shida, shida ikawa ni nani atakaa chini achambue kilichorudi. Signali kama bilioni 12! Nyingi ni zetu wenyewe, satelaiti, rada, televisheni, ni sawa na kusikiliza mtu ananong'ona ukiwa umesimama mlangoni kwa mashine ya kusaga. Wamechuja miaka, zimebaki kama 100, na hizo zilianza kurudiwa kwa darubini ya FAST ya China yenye upana wa mita 500. Arecibo yenyewe ilianguka tarehe 1 Desemba 2020, jukwaa la tani zaidi ya 800 lililoning'inia juu likashukia sahani lake la kunasia mawimbi.

Sasa kama ina maisha. Ya kutafuta viumbe kwa kugawa kazi nyumba kwa nyumba, kwa ukubwa ule, mimi sioni ikirudi. Wewe unafika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, dagaa unawakuta wakavu, hakuna anayewabeba wabichi toka visiwani maana mzigo ungekuwa mkubwa na wangeoza njiani, wanaanikwa hukohuko. Darubini za sasa ni hivohivo, kama MeerKAT ya Afrika Kusini ina sahani 64, data inayomwagika kwa sekunde ni nyingi mno huwezi kuitawanya kwa bando za watu, inachakatwa palepale na seva zenye kadi za picha (GPU) zinazopiga hesabu haraka, kinachosafirishwa ni kile kikavu tu. Kujitolea kwenyewe hakujafa lakini. Einstein@Home ipo tangu 2005, inatafuta palsa, yaani nyota zinazozunguka kwa kasi zikirusha mapigo ya redio, na mawimbi ya mvutano yanayotikisa anga lenyewe, na 2010 kompyuta za watu wa kawaida wa Marekani na Ujerumani ziliibua palsa mpya kwenye data ya Arecibo hiyohiyo. Ukitaka, ingia mwenyewe, pakua BOINC, programu ya kuunga kompyuta yako na miradi hii, kwenye tovuti yake, bure, na utaona inakuuliza itumie asilimia ngapi ya prosesa na ifanye kazi saa ngapi, hata ukishika mausi unaweza kuiambia isimame. Haikuombi uzime antivairasi. Na piga hesabu ya LUKU kwanza, mashine ya wati 150 ikipiga saa 10 ni yuniti 1.5, mara sita ni yuniti 9 kila usiku, 270 kwa mwezi, hapo sijagusa vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaojaa kwenye feni.

Kwa anayekutoza hela ili kompyuta yako ikuingizie hela, mimi sina subira naye, awe anakuja na jina la viumbe, la dawa ya saratani au la sarafu za mtandaoni. Mara nyingi wanachokuwekea ni cha kuchimba hizo sarafu, yaani kupiga hesabu za kuzizalisha, kwa faida yao kwa umeme wako, wengine wanaacha mlango wa kuiendesha mashine yako kutoka mbali. Na steshenari ndo mnalengwa kwa sababu wateja wanascan NIDA, vyeti na CV kwenye mashine hizohizo na mafaili hamfuti.

Kwa hiyo hiyo moja aliyoigusa ichomoe waya wa intaneti leo, usiwashe. Kama ulifungua barua pepe au mambo ya benki humo, badilisha nywila kwa kutumia simu yako, sio kwenye hizo kompyuta tano maana ziko kwenye mtandao mmoja nayo. Flashi aliyokuja nayo kama kakuachia usiichomeke popote. Mafaili ya wateja yatolewe diski ikiwa imefungwa kwenye mashine safi, yapite kwenye antivairasi, ndo ifomatiwe windo iwekwe upya, nenda kwa fundi yeyote unayemwamini. Akikwambia ataondoa hicho kidude peke yake bila kufomati, mpeleke mwingine.