Kwa mnaoanza kuandika riwaya za kigothiki zenye wanamagendo, someni hii kabla ya kunitumia mswada

Wadogo zangu, nawapenda na nafurahi kila nikiona mtu mpya kanogewa na hizi riwaya za kutisha na mapenzi, jumba kubwa juu ya jabali, upepo, binti yatima na sanduku lake, mwanaume asiyesema anatoka wapi saa tisa usiku na viatu vimelowa. Lakini makosa mnayonitumia ni yaleyale ya miaka yote, nikifungua faili nishajua sura ya pili ina nini. Ngoja niyaandike hapa mara moja.

1. Mwezi. Jamani mwezi! Kila mswada mzigo unashushwa mwezi mpevu, bahari inang'aa, steringi anaonekana mpaka rangi ya macho. Wale wanamagendo wa Cornwall na Kent, pwani za Uingereza, walikuwa wanasubiri usiku wa giza, maana kwenye mbalamwezi askari wa forodha akiwa juu ya jabali anaiona mashua na anawahesabu waliomo. Na nyie wa Tanga na Lamu ndo mnanishangaza zaidi, mtu umekulia kwa wavuvi wa dagaa wanaohesabu giza kila mwezi, bamvua unaijua, halafu unapofika Uingereza ya karne ya 18 unasahau kila kitu. Tumieni mnachokijua. Mwezi ukifichika maji nayo yanajaa sana na kupwa sana, siku zilezile, kwa hiyo saa ya kushusha mzigo hawachagui wao, inachaguliwa na bahari, na sista wako dirishani haoni kitu, anasikia kwato na miguu kwenye kokoto, anasikia mtu anakohoa na anahisi kama kikohozi hicho anakijua. Mwonyeshe kila kitu kwenye mbalamwezi uone kama kuna msomaji atakayeogopa.

2. Mzigo wenyewe. Kabla ya 1784 chai ndo dili, kwa sababu ushuru wake ulifika asilimia 119, mwaka huo serikali ya waziri mkuu Pitt ikaushusha mpaka 12.5 na faida ya magendo ya chai ikayeyuka. Kwa hiyo hadithi yako ikiwa ya 1810, weka brandi, jini, tumbaku, lesi. Pombe ilikuja kwenye vipipa vidogo vilivyofungwa kamba viwili viwili, mbebaji anakiweka kimoja kifuani kingine mgongoni anapanda nacho jabali. Mtu akibeba hivyo usiku kucha asubuhi hawezi kucheza dansi kwenye sebule ya bwana, tafadhali.

3. Mzimu. Hapa ndo moyo wa aina hii ya riwaya na wengi mnapita mbio. Jumba la kigothiki lina siri, sawa, lakini siri ya nini? Ukileta magendo, kila kitu cha kutisha kinapata sababu ya kuwepo, mlango uliofungwa, taa makaburini, chumba ambacho watumishi hawaingii. Mwandishi Ann Radcliffe alishafanya hivi 1794 kwenye riwaya yake The Mysteries of Udolpho, chumba kinasemekana kina mizimu kumbe maharamia wanapita mlango wa siri kwenda kwenye mali yao chini ya jumba. Watu wakiogopa mzimu hawatoki nje, na wasipotoka nje mzigo unapita. Halafu kinachokuja baada ya hapo kwangu mimi kinatisha kuliko mzimu: binti anagundua kwamba mpishi anajua, kasisi anajua, yule mzee mpole wa dukani anajua, kijiji kizima kinakunywa brandi hiyo na kunyamaza, ni yeye peke yake alikuwa hajui. Ndo maana nasema msikimbilie kumleta steringi. Kwanza muacheni binti akae mezani na watu wanaojua.

4. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililifanya mimi, na nawaona mnaliendea vilevile. Niliandika hadithi ndefu ya vipande vipande kuhusu kundi la magendo huko Sussex, Uingereza, nikawapenda mno watu wangu. Walikuwa wacheshi, wanagawia wajane chai, hawajawahi kumgusa mtu, na mtu aliyetaka kuwachoma kwa serikali walimfukuza kijijini huku wanaimba. Wasomaji walikuwa wanasifia. Kisha dada mmoja msomaji mzuri sana akaniuliza swali moja tu: huyu binti anaogopa nini? Nikakaa nalo hilo swali. Nilikuwa nimejaza upepo na ngurumo na milango inayolia, lakini kitu cha kuogopa hakikuwepo, na kama hakuna cha kuogopa basi kumpenda yule mwanaume nako hakumgharimu kitu. Nikaenda kusoma habari za kundi la Hawkhurst, wanamagendo wa kweli wa karne ya 18, ambalo nilikuwa naliazima jina tu. Oktoba 1747 walivunja nyumba ya forodha ya mji wa Poole wakachukua chai yao iliyokamatwa. Wakati wanarudi na farasi wao wakapita mji wa Fordingbridge, watu wametoka kuwaangalia kama maandamano, na mmoja wao akamtambua fundi viatu anaitwa Daniel Chater, akamrushia kifuko cha chai. Zawadi ya mtu anayemfahamu. Chater akaongea. Februari 1748 yuko njiani na afisa wa forodha William Galley kwenda kutoa ushahidi, wakasimama kwenye nyumba ya wageni, mama mwenye nyumba akawatilia shaka akatuma watu wakawaite wanamagendo. Wakapigwa, wakafungwa juu ya farasi, Galley akazikwa na inasemekana alikuwa bado hai, Chater akafungwa minyororo siku kadhaa halafu akatupwa kisimani wakamporomoshea mawe. Kesi ilikuwa Chichester, Januari 1749. Nilipomaliza kusoma nilijisikia vibaya sana, maana yule mtu wangu aliyefukuzwa kwa nyimbo ndiye Chater, nilimfanyia mzaha mtu aliyekufa hivyo, na niliwanyima wasomaji ukweli ambao ungeibeba hadithi yote. Nikafuta zaidi ya nusu. Kile kifuko cha chai ndo kinanikaa kichwani mpaka leo, kwa sababu ni ukarimu wa kweli kabisa na ndo uliomuua, na wewe mwandishi ukiweza kuandika mwanaume anayetoa zawadi kama ile kwa binti, msomaji atapenda na kutetemeka kwa wakati mmoja.

5. Mapenzi. Usimfanye steringi awe jasusi wa serikali aliyejificha, eti mwisho tunagundua hakuwa na kosa lolote. Angalia Jamaica Inn, riwaya ya 1936 ya Daphne du Maurier, Jem, mwanaume anayependwa na binti Mary, ni mwizi wa farasi na anamwambia Mary waziwazi, anachokosa Mary ni uhakika kama mikono ya Jem ina damu kama ya Joss, kaka yake Jem. Hilo pengo ndo linatufanya tusilale. Binti ana macho yake na akili yake, ila sheria iko upande mmoja na moyo upande mwingine, na sheria yenyewe inanyonga.

6. Taa za uongo za kuvunja meli: zinapendeza sana hadithini lakini ushahidi wake kwenye historia ni mwembamba, kwa hiyo zitumieni kama uvumi wa kijiji. Coastguard, yaani walinzi wa pwani, imeanza 1822, msiiweke 1750. Askari wa forodha alikuwa anapanda farasi, mara nyingi peke yake kwenye pwani ndefu, mpeni naye mke na hofu.

Anayetaka nimsomee alete, nasoma yote. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza niandikie mwaka, mzigo ni nini, na nani kijijini hajui.