Re: Swichi ya nyumbani, poti 5 au 8?
Mkuu, umeuliza swichi ya mtandao (kile kiboksi cha kugawa waya wa rauta kwa vifaa vingi) uchukue ya poti 5 au 8, yaani matundu ya kuchomeka waya, na kama lazima iwe ya gigabiti (spidi ya 1000 Mbps, megabiti kwa sekunde). Chukua ya 8 usijibane, maana piga hesabu: waya wa kutoka kwenye rauta, tv, dekoda, kompyuta na PS ya dogo, ya 5 imeshajaa hapo kabla hata hujawaza kamera. Soma boksi kabla hujalipa, ikiandikwa 10/100 iache hata kama bei inavutia, hiyo mwisho wake 100 Mbps, we tafuta 10/100/1000 kama TP-Link TL-SG108, unachomeka tu inapiga kazi. Yenye PoE (inayopitisha umeme kwenye waya wa mtandao) chukua tu kama kamera zako zinakula umeme kwenye waya huohuo, la sivyo unalipia kitu hutumii.

Ila wengi wanaumia kwenye waya afu wanalaumu swichi. Nunua waya wa mtandao wa aina ya Cat5e au Cat6 wa shaba tupu, sio alumini iliyopakwa shaba juu, usivuke mita 100, na fundi aunge nyaya zote 8 za ndani yake. Akiunga 4 tu utabaki kwenye 100 Mbps hata swichi iwe ya dhahabu. Mi ilinikuta hiyo, wiki nzima nahangaika na rauta bure kabisa 😅