Kuvuka Mfereji Ulio Angani

Swali: Nakwenda Wales na shemeji yangu anataka tuvuke kwa miguu daraja la Pontcysyllte, lile linalobeba mfereji wa mashua juu ya bonde. Mimi hata ngazi hunitia kizunguzungu. Nitaweza?

Jibu: Utaweza, ndugu yangu. Njia ya miguu ina reli ya chuma ya kushikilia. Mimi niliing'ang'ania mpaka kiganja kikanuka kutu. Upande wa pili, penye mashua, hapana reli: ukingo mwembamba wa chuma, kisha mita 38 hadi mto Dee. Wa kuogopa ni nahodha! Wahandisi Telford na Jessop walilimaliza daraja mwaka 1805, lenye urefu wa mita 307, likibebwa na nguzo 18 za mawe. Mashua ikipita, utasikia maji yakigonga chini ya nyayo zako. Usishtuke, sehemu ya mfereji hupita chini ya njia hiyo. Shemeji atangulie, utazame mgongo wake.