Shangazi, makusudi gani haya?

"Shikamoo Shangazi. Nimemuuguza dadangu miaka miwili, kansa ya mifupa, mwishoni hata shuka likimgusa analia. Amekufa. Kila anayekuja kunipa pole anasema Mungu ana makusudi yake. Makusudi gani? Alafu kuna kitu sijamwambia mtu, ile asubuhi alipokata roho nilisikia nafuu. Mi ni mtu wa aina gani? – Nimechoka Kuuliza"

Marahaba mwanangu, pole sana.

Nianze na hiyo nafuu maana naona ndo inayokutafuna. Miaka miwili unalala jicho moja wazi, unasikiliza mtu unayempenda akilia na huna la kufanya, sa siku kilio kikikatika mwili unapumua kabla moyo haujajua kwamba umefiwa, ni hivyo tu. Wauguzaji wengi wanaipitia, wanaficha tu.

Haya, makusudi. Mi siyajui, na hao wanaokwambia nao hawayajui, wanaogopa tu kukaa kimya mbele ya msiba. Ayubu watu wanamtaja kwa subira utadhani hakufungua mdomo, kumbe alilaani mpaka siku aliyozaliwa! Marafiki zake watatu walikuja wakakaa naye chini siku 7 mchana na usiku bila neno, na hapo walifanya la maana, shida ilianza walipoanza kumweleza eti lazima kuna kosa alifanya. Mwisho wa kisa Mungu anawakasirikia wao, na Ayubu mwenyewe haambiwi popote kwa nini aliteseka. Haambiwi.

Hata Lisbon, mji mkuu wa Ureno, Novemba 1, 1755, ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani, tetemeko likawaangushia mapaa, na bado wakatokea wahubiri wa kusema ni adhabu ya dhambi. Adhabu gani inamfuata mtu kwenye ibada jamani.

Maumivu kwa kawaida yana kazi, ukigusa moto mkono unaruka wenyewe, ni kama kengele. Ila ya dadako ilikuwa kengele inayolia nyumba imeshaungua, haimwonyi mtu chochote, kwa hiyo usijilazimishe kutafuta somo humo ndani. Na wale wa "mateso hukomaza" waambie wapo yaliowavunja tu, basi.

Atakayekuja tena na makusudi mwambie kaa hapa na mimi, usiseme kitu. Atakayeweza kukaa, huyo mwambie na ile habari ya nafuu. Na kama wiki zinapita hulali wala chakula hakipiti, nenda kamwone mshauri nasaha au daktari, usisubiri mpaka uanguke.

Alafu niandikie tena. Barua nzima umenieleza alivyolia, hujanambia hata kidogo alivyokuwa akicheka.